Boni ya uongo ndani ya jani la muhogo

Namna gani bakteria inafungua depo ya sukari ya mmea, na juu ya nini tuchague miti ya kupanda wakati wa mvua



Kila tunapotembelea mashamba ya muhogo wakati mvua imekolea, swali moja linarudi. Mkulima anasimama kati ya mistari yake, anashika jani lenye madoa, anasema: "Hii miti nilichukua kwa ndugu yangu, ilikuwa inaonekana muzuri kabisa. Dawa nilipiga. Sasa hii ugonjwa imetoka wapi?" Mwingine anaongeza kwa uchungu: "Na juu ya nini shamba yangu tu, ya jirani iko salama?" Hapo ndipo maneno mabaya yanaweza kuanza. Watu wanaangaliana vibaya, urafiki wa miaka mingi unavunjika.

Katika toleo hili tunataka kujibu swali hilo kwa kuingia ndani kabisa ya jani, mahali ambapo jicho halifiki. Msiogope maneno ya sayansi. Mtu yeyote aliyewahi kutoa mfuko wa mahindi kwenye depo ya koperative ataelewa.

Kwanza tujue tunaongea ugonjwa gani

Tunaongea mnyauko wa bakteria wa muhogo. Si mozaiki. Mozaiki inaletwa na virusi, inakunja jani na kulitia rangi ya njano na kijani, na inabebwa na inzi weupe. Mnyauko wa bakteria una alama zake:

- Madoa yenye pembe-pembe kwenye jani, yanaonekana kama yamelowa maji. Inua jani kuelekea jua, utayaona vizuri zaidi.
- Madoa yanaungana, jani linakauka kama limechomwa na moto, kiisha linaanguka.
- Utomvu wa kunata unatoka kwenye vikonyo na kwenye shina changa.
- Ncha ya shina inakufa, inabaki wima na kavu kama mshumaa.
- Ukikata shina, unaona mistari ya rangi ya kahawia ndani.

Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza huko Brazili mwaka 1912. Katika inchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, uliharibu mihogo vikali mwanzoni mwa miaka ya 1970. Familia zilikosa mizizi ya unga, na zilikosa pia sombe, ile ambayo ndugu zetu wa magharibi wanaita pondu. Tunajua wenyewe maana yake: nyumba isiyo na bugali wala sombe imebaki na nini?

Bakteria anayeleta ugonjwa huu ni wa kabila la Xanthomonas. Jina hilo wengi wenu mmelisikia tayari, maana binamu yake ndiye anayeozesha migomba yetu, yule aliyeonekana Masisi mwaka 2001. Lakini yule wa muhogo ana ujanja wake, na ujanja huo ndio habari yetu ya leo.

Kitabu kimoja, kurasa nyingi

Chukua kijiti kimoja cha muhogo, kata, panda. Baada ya siku chache unaona macho yanatoa majani, na chini mizizi inatoka. Kijiti hakikuwa na jani wala mzizi. Kilijua namna gani kuvitengeneza?

Jibu: ndani ya kila chembe ndogo ya muhogo, iwe ya shina, ya jani ao ya mzizi, kuna kitabu kizima cha maagizo ya mmea wote. Kitabu hicho kinaitwa ADN (vitabu vya inchi jirani vinaandika DNA). Ni uzi mrefu sana, mwembamba, wenye nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba. Umeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Sehemu moja ya uzi huo, yenye agizo moja kamili, inaitwa jeni. Tuseme jeni ni ukurasa. Muhogo una kurasa kama 30,000 hivi.

Kama kitabu ni kimoja kila mahali, juu ya nini jani si mzizi? Ni kwa sababu jani linasoma kurasa za jani, na mzizi unasoma kurasa za mzizi. Kurasa zingine zinabaki zimefungwa. Kila siku, ndani ya kila chembe, kurasa zinafunguliwa na kufungwa: jua likitoka, mvua ikikosekana, mdudu akiuma.

Kazi inaenda hivi. Kitabu hakitoki ofisini. Kuna mashine ndogo inayopita juu ya ukurasa na kuunakili kwenye kikaratasi kinachoitwa ARN. Kikaratasi hicho ndicho kinachotoka ofisini, kinaenda kwenye atelie ya chembe, na huko wanatengeneza kitu kilichoandikwa. Kitu hicho ni protini.

Tukisikia protini tunafikiri maharagwe, nyama, sombe. Ni kweli, ndiyo chakula cha kujenga mwili. Lakini ndani ya chembe, protini ni wafanyakazi. Moja ni mlango, nyingine ni mkasi, nyingine inabeba mizigo. Na kuna kundi la protini ambazo kazi yao ni kusimamia kitabu chenyewe.

Wasimamizi wanaokaa mbele ya ukurasa

Mbele ya kila jeni kuna kipande cha uzi ambacho hakina agizo la kutengeneza kitu. Ni kama kizingiti cha mlango. Hapo ndipo protini za kusimamia zinakuja kukaa.

Protini haina macho. Inasoma kwa kugusa. Kama mama anavyoingiza mkono kwenye mfuko gizani na kujua haya ni maharagwe, haya ni mahindi, ndivyo protini inavyoingiza kidole chake katika mfereji wa ule uzi uliosokotwa na kupapasa herufi. Ikikuta mpangilio unaoendana na umbo lake, inashika. Isipoukuta, inateleza na kwenda mbele.

Ikishika, moja kati ya mambo mawili linatokea. Kuna msimamizi anayeita mashine ya kunakili: "Njoo hapa, anza kazi." Jeni linafunguka. Na kuna msimamizi anayekaa katikati ya njia na kuzuia mashine isipite. Jeni linabaki limefungwa.

Wafaransa wawili, François Jacob na Jacques Monod, walieleza jambo hili mwaka 1961 kule Paris, wakitumia bakteria anayeishi tumboni mwa watu na wanyama. Bakteria huyo anaweza kula sukari ya maziwa, lakini hapotezi nguvu kutengeneza vyombo vya kuila wakati maziwa hayapo. Protini moja inakaa juu ya ADN yake na kuziba njia. Sukari ya maziwa ikifika, inajishikisha kwenye ile protini, protini inaachia uzi, njia inafunguka, vyombo vinatengenezwa. Maziwa yakiisha, mlinzi anarudi mahali pake. Mwaka 1965 walipewa tuzo ya Nobel pamoja na mwenzao André Lwoff.

Kumbe kiumbe kidogo hivyo kina akili ya gérant mzuri: hafungui depo bila sababu.

Boni ya uongo

Sasa turudi kwenye depo yetu. Mnajua utaratibu. Mfuko hautoki bila boni yenye muhuri na sahihi ya gérant. Mlinzi wa mlango hajui habari zote za koperative, yeye anatazama muhuri tu. Muhuri ukiwa sawa, anafungua. Je, mwizi mwerevu atafanya nini? Hatavunja mlango usiku. Atatengeneza boni ya uongo, na mlinzi atamfungulia mchana kweupe.

Ndivyo anavyofanya bakteria wa mnyauko. Mvua inanyesha, jani limelowa. Anaingia kupitia vitundu ambavyo jani linapumulia, ao kupitia kidonda. Hakai ndani ya chembe, anakaa kwenye nafasi zilizo kati ya chembe na chembe. Pale hakuna chakula kingi. Sukari ambayo jani limepika kwa jua iko ndani, nyuma ya ukuta.

Basi bakteria anatoa kitu kama sindano ndogo, anachoma ukuta wa chembe, na kusukuma protini zake ndani. Moja ya protini hizo inaenda moja kwa moja mpaka ofisini, inafika kwenye kitabu, inapapasa, inapata kizingiti cha jeni moja, inakaa. Inaita mashine ya kunakili. Mashine haiulizi: "Nani amekutuma?" Inaona tu kwamba msimamizi amekaa mahali pake, inaanza kazi.

Jeni lenyewe linaitwa MeSWEET10a. Linatengeneza protini ambayo ni mlango wa kupitisha sukari. Mmea unao mlango huo kwa kazi zake wenyewe. Lakini sasa milango inatengenezwa kwenye jani, mahali na wakati ambao mmea haukutaka. Sukari inatoka nje ya chembe, inamwagika pale pale bakteria anaposubiri. Anakula, anazaana. Watafiti walioondoa protini hiyo moja kutoka kwa bakteria waliona yale madoa ya maji-maji yanapungua.

Hii ndiyo siri ya lile doa unaloliona ukiinua jani kuelekea jua. Muhogo haukushambuliwa tu kutoka nje. Umedanganywa, ukafungua depo kwa mkono wake mwenyewe.

Muwa wenye pingili

Protini hiyo ya boni ya uongo imejengwa namna ya ajabu. Fikiri muwa. Una pingili moja, kiisha nyingine, kiisha nyingine, zote karibu sawa. Protini hii vilevile imepangwa pingili kwa pingili, na kila pingili inasoma herufi moja ya ADN. Pingili zinafanana karibu kabisa, isipokuwa sehemu mbili ndogo ndani ya kila moja. Sehemu hizo mbili ndizo zinazoamua: pingili hii inashika A, ile inashika C, na kadhalika. Mwaka 2009 makundi mawili ya watafiti yalifumbua siri hiyo kwa wakati mmoja. Tangu hapo mtu anaweza kusoma pingili za bakteria na kukisia ni ukurasa gani wa mmea anaotaka kufungua.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Kwa sababu muhuri unaojulikana ni muhuri unaoweza kukataliwa.

Mimea iliyobadilisha kufuli

Wakulima wenzetu wa bonde la Ruzizi wanalima mpunga. Mpunga nao una adui wa kabila la Xanthomonas, na yeye pia anatumia boni za uongo kufungua milango ya sukari. Lakini kuna aina za mpunga ambazo, kwa asili, herufi za kwenye kizingiti cha jeni moja la mlango wa sukari zimebadilika kidogo. Mlango wenyewe uko mzima, mmea unautumia. Ila boni ya bakteria haishiki tena. Inateleza. Mmea unakuwa mgumu kwa bakteria wenye boni ya namna hiyo, bila dawa yoyote.

Pilipili zingine zimeenda mbali zaidi: zinaweka mtego. Herufi ambazo bakteria anazitafuta zimekaa mbele ya jeni la kifo. Bakteria akileta boni yake, anafungua jeni hilo, na chembe alizoingia zinakufa mara moja. Mmea unapoteza kipande kidogo cha jani, ugonjwa unakwama hapo hapo. Mwizi amefungua mlango wa chumba kitupu, akafungiwa ndani.

Kwa muhogo, watafiti wa kituo cha Donald Danforth kule St. Louis, Marekani, pamoja na wenzao, walitangaza kazi yao mwaka 2023. Hawakubadilisha herufi za kizingiti cha MeSWEET10a. Walizitia alama ndogo za kemikali, aina ya alama ambazo mimea yenyewe inatumia kufunga kurasa. Protini ya bakteria ilipofika, ilishindwa kushika. Madoa yalipungua, na miti ilikua kama kawaida.

Tuseme wazi, ndugu: kazi hiyo ni ya labo. Mtu akija sokoni na kukuuzia vijiti akisema ni "muhogo mupya wa labo usiogonjwa", usitoe pesa yako. Na bakteria naye hana boni moja tu. Anaweza kuwa na nyingine, na anaweza kubadilika. Hata aina zinazovumilia ugonjwa zinahitaji miti safi na shamba linaloangaliwa.

Sasa shambani tunafanya nini?

Tukielewa ujanja wa mwizi, mambo matatu yanakuwa wazi.

Jambo la kwanza: dawa ya wadudu haiui bakteria. Pesa ya kupiga dawa hiyo kwa mnyauko imepotea. Mara tu bakteria ameingia ndani ya shina, hakuna dawa ya dukani itakayomtoa.

Jambo la pili: jirani hana kosa. Shamba moja linagonjwa na lingine linapona kwa sababu miti ilitoka mahali tofauti, ao ni ya aina tofauti yenye kufuli tofauti, ao panga la mgonjwa halikupita kwa mzima. Tuache kushitakiana.

Jambo la tatu ni kubwa kuliko yote. Wakati wa kiangazi, hakuna maji juu ya jani, bakteria hafanyi kazi sana. Majani mapya yanatoka safi. Shamba lililokuwa gonjwa mwezi wa kumi na moja linaweza kuonekana zima mwezi wa saba. Lakini bakteria amejificha ndani ya shina, kwenye mishipa. Na ni lini wengi wetu tunaokota miti ya kupanda? Mwisho wa kiangazi, kabla ya sezoni A. Yaani tunachagua wakati ule ule ambao ugonjwa hauonekani! Hilo ndilo jibu kwa yule aliyesema: "Ilikuwa inaonekana muzuri kabisa."

Basi tufuate mpango huu:

1. Chagua wakati wa mvua. Pita shambani mvua ikikolea, inua majani kuelekea jua. Mti usio na doa hata moja, ufunge kamba ao kitambaa. Hiyo ndiyo mama wa miti yako.
2. Kata kwa mti wenye kamba tu. Wakati wa kupanda, usiende kwa mwingine hata kama shina ni nene. Tumia sehemu ya shina iliyokomaa, yenye ganda la kahawia, si ncha changa ya kijani.
3. Tazama ndani. Ukikata na kuona mistari ya kahawia ndani ya shina, kijiti hicho ni cha moto, si cha shamba.
4. Safisha panga. Kabla ya kuhama shamba moja kwenda lingine, osha panga, kiisha lipitishe kwenye maji ya javel ao kwenye moto.
5. Usifanye kazi katika muhogo mgonjwa wakati umelowa. Matone na nguo zako vinabeba bakteria. Anza na shamba zima, maliza na gonjwa.
6. Ng'oa na choma. Mti uliogonjwa sana uondoe wote, majani yaliyoanguka pia. Usiyatupe kando ya njia.
7. Badilisha. Shamba lililoshikwa vikali lipande maharagwe, mahindi ao karanga kwa sezoni moja kabla ya kurudisha muhogo.
8. Uliza aina zinazovumilia. Agronome wako, INERA Mulungu ao SENASEM wanaweza kukuonyesha aina zinazofaa kwa eneo lako. Usibebe kijiti kigonjwa kwenda kuonyesha, ita agronome aje shambani.

Kwa koperative yenye shamba la kuzalisha miti, mzigo ni mzito zaidi. Shina moja linatoa vijiti kadhaa, na kila kijiti kinaenda kwa familia nyingine. Mkigawa shina moja gonjwa, mmegawa ugonjwa kwa wanamemba wengi mara moja, pamoja na muhuri wa koperative juu yake. Hapo boni ya uongo inakuwa ya kwetu wenyewe. Tunajua kwamba kuchoma miti iliyokwisha kulimwa kunauma, hasa kama watu wamelipa na wanasubiri. Lakini mama aliyepanda vijiti vyenu leo, ndani ya mwaka atakuwa anatafuta sombe ya watoto katika shamba hilo.

Maswali kwa mkutano wa koperative

- Msimu uliopita, miti yetu ya kupanda ilitoka wapi? Nani aliitazama, na ilikuwa wakati wa mvua ao wa kiangazi?
- Nani kati yetu atapita kwenye shamba la mbegu mvua ijayo kufunga kamba?
- Tukikuta ugonjwa, tutamsaidia namna gani mwanamemba atakayelazimika kuchoma miti yake, ili asiogope kusema ukweli?

Swali la mwisho lipeni nafasi. Mkulima anayejua kwamba atasaidiwa ataonyesha jani lake gonjwa mapema. Anayejua kwamba atachekwa ataficha, na kijiti chake kitafika kwako siku moja, kikionekana kizuri kabisa.